Gitaa la Umeme Halishiki Tyuni? Anzia Kwenye Nati

Gitaa likipotea tyuni katikati ya wimbo, wa kwanza kulaumiwa huwa pegi, vile vifunguo vya kichwani vya kukazia nyuzi. Mtu anajibana, ananunua seti mpya ya pegi, anazifunga, na Jumapili inayofuata uzi wa tatu unamwaibisha vilevile mbele ya kwaya nzima. Pegi zina makosa yake, na nitayafikia. Ila mara nyingi tatizo liko sentimita chache tu kutoka hapo, kwenye nati: kile kipande cha plastiki, mfupa au grafaiti kilichokaa pale shingo inapokutana na kichwa, chenye mifereji sita ya kupitishia nyuzi.

Nati ina kazi mbili. Inaamua uzi uanze kutetemeka kutoka wapi na kwa kimo gani juu ya freti ya kwanza (freti ni vile vyuma vilivyolazwa kukatiza shingo). Halafu inatakiwa iuache uzi uteleze kila unapovutwa na kurudishwa. Kazi ya kwanza ikikosewa, gitaa linasikika limepotea hata kama tyuna, kile kipimo cha sauti, inaonyesha sawa. Ya pili ikikosewa, linapotea kweli. Kwa hiyo kabla hujashika tupa wala gundi, jiulize swali moja: sauti imepanda au imeshuka, na imefanya hivyo baada ya nini? Jibu la swali hilo ndilo litakalokuonyesha pa kuweka mkono.

Toa kwanza yasiyohusika

Nyuzi mpya hulegea siku ya kwanza. Hiyo si hitilafu. Zivute moja moja kwa mkono katikati ya shingo, tyuni, vuta tena, mpaka zitulie. Nyuzi zilizozeeka nazo hazitengenezeki. Anayepiga Tanga, Mombasa au Unguja anajua chumvi ya hewani inavyozila nyuzi za chuma, na kutu hiyo haiishii kwenye sauti tu, kwa sababu uzi wenye kutu ukipita kwenye mfereji unaukwangua na kuacha unga mweusi ndani. Ukiliona hilo, badilisha nyuzi na safisha mifereji kabla ya kuendelea na uchunguzi wowote.

Joto nalo lina hila yake. Ukilitoa gitaa kwenye chumba chenye kiyoyozi ukalipandisha jukwaani chini ya taa kali, nyuzi zinapata joto, zinarefuka kidogo, na zote zinashuka kwa pamoja. Nati haina kosa hapo. Liache gitaa robo saa jukwaani kabla ya kutyuni.

Uzi unalia "tik" unapokaza pegi

Unazungusha pegi, sindano ya tyuna haisogei. Unazungusha kidogo tena, bado. Ghafla kinasikika kijimlio kikavu, "tik", na sauti imeruka juu kuliko ulivyotaka. Dalili hii haina haja ya kipimo kingine, uzi umekwama ndani ya mfereji wake. Ulikuwa unakaza kile kipande kifupi kati ya nati na pegi, mvutano ukajikusanya huko mpaka uzi ukachomoka wenyewe.

Sababu inayoongoza ni kubadilisha unene wa nyuzi. Gitaa nyingi za bei ya chini na ya kati hutoka kiwandani na seti ya namba 9 (yaani uzi wa kwanza, mwembamba kuliko wote, ni inchi 0.009), ambamo uzi wa sita, mnene kuliko wote, una unene wa inchi 0.042. Mwenye gitaa anafunga namba 10, uzi wa sita unakuwa 0.046, na unaingizwa kwa nguvu kwenye mfereji uliokatwa kwa ajili ya mwembamba. Nyuzi tatu nene ndizo zinazoteseka zaidi, maana zimezungushiwa waya juu, na miinuko ya waya ule inang'ang'ania kuta za mfereji kama parafujo kwenye ubao. Mfereji mzuri unauzidi uzi wake kwa kama milimita 0.05 hivi, si zaidi.

Sababu nyingine ni uchafu: jasho, mafuta ya vidole, unga wa chuma. Ya tatu ni nati yenyewe kuwa ya plastiki laini, ambayo uzi umejichimbia kitanda ndani yake.

Anza na tiba ya bei rahisi. Legeza uzi mmoja, uhamishe pembeni mwa mfereji, pitisha uzi wa kusafishia meno mara kadhaa, futa. Kisha chukua penseli laini, 4B au 6B kama unaipata (HB ya shuleni ni ngumu, ila bora hiyo kuliko kukosa), uichonge ncha na kusugua ndani ya mfereji mpaka sakafu na kuta zing'ae kijivu. Rudisha uzi, tyuni, sikiliza. Magitaa mengi yanapona hapa. Kama nati ni nyeupe na hutaki ionekane chafu, futa kilichobaki juu kwa kitambaa kikavu.

Wengine huchanganya unga wa penseli na tone la Vaseline. Mchanganyiko huo hudumu zaidi, mradi uwe kidogo sana, wa kuchovya kwa ncha ya kijiti cha meno. Vaseline peke yake hukusanya vumbi. Mafuta mepesi ya kupulizia bawaba na minyororo usiyasogeze kabisa: yanapenya kwenye mbao chini ya nati, yanalegeza gundi, na uzi ukichakaa ndani ya uchafu wake unarudi kulekule.

Ikiwa "tik" bado ipo baada ya penseli, mfereji ni mwembamba na lazima upanuliwe. Tupa za mafundi wa magitaa zinauzwa kwa unene wa kila uzi, lakini seti nzima ni ghali. Anayetengeneza gitaa lake peke yake anaweza kutumia sindano za kusafishia ncha za bomba la kuchomelea kwa gesi, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi zikiwa zimefungwa pamoja kwenye kijikasha cha bati, kila moja na unene wake, zimekwaruzwa zisage. Pima kwa kushikanisha sindano na uzi wenyewe, chagua inayouzidi kidogo. Kipande cha uzi mzee wa unene uleule kilichofunikwa kwa msasa mlaini kinafanya kazi pia, polepole.

Kuta ndizo za kusaga. Sakafu usiiguse, maana ukiichimba umeanzisha ugonjwa mwingine. Piga mara mbili au tatu, rudisha uzi, jaribu, na kama bado rudia. Mkono wa haraka huharibu nati ndani ya dakika moja.

Imeshuka baada ya kuvuta uzi kwa kidole

Hii ndiyo lalamiko la wapiga solo. Nati inaugawa uzi sehemu mbili: ile ndefu unayoipiga na kile kipande kifupi kinachokwenda kwenye pegi. Unapovuta uzi pembeni juu ya freti, sehemu ndefu inakazwa na kunyang'anya uzi kidogo kutoka upande wa pegi. Ukiachia, kilichoingia kinatakiwa kirudi kilikotoka. Kikikwama kwenye nati, sehemu ndefu inabaki na uzi wa ziada, imelegea, na sauti imeshuka.

Kipimo chake hakihitaji chombo zaidi ya tyuna ya kwenye simu. Tyuni uzi wa tatu vizuri. Uvute kwa nguvu mara tatu freti ya saba au ya tisa, uachie, uangalie tyuna. Umeshuka? Sasa bonyeza kwa kidole kile kipande kifupi nyuma ya nati, achia, piga tena. Kama sauti imepanda na kurudi mahali pake au karibu napo, nati inabana. Kama haikubadilika, au imezidi kushuka, iache nati, nenda kwenye sehemu ya pegi huko chini.

Kwa nini nimesema uzi wa tatu? Kwa sababu ndio mkorofi kuliko wote. Kwenye seti ya namba 10 una unene wa inchi 0.017, chuma kitupu bila waya wa kuzungushiwa, na hakuna uzi mwingine kwenye seti wenye chuma kinene hivyo kinachobeba mvutano. Ukirefuka au kufupika kidogo tu, sauti yake inabadilika kuliko ya jirani zake.

Halafu kuna umbo la kichwa. Gibson Les Paul, lililotoka mwaka 1952, lina pegi tatu kila upande na kichwa kilicholazwa nyuma. Uzi wa nne na wa tatu hufungwa kwenye pegi za mbali kabisa, kwa hiyo zikitoka kwenye nati hugeuka pembeni, na kila mgeuko ni msuguano. Nakala zake zote, ziwe za Korea, China au Indonesia, zimerithi kona hiyo. Fender Stratocaster la 1954 lina pegi sita upande mmoja na nyuzi zinakwenda karibu moja kwa moja, ndiyo maana nati yake haisumbui sana. Kwa gitaa la aina ya Les Paul, kupanua mfereji peke yake hakutoshi. Sehemu yake ya nyuma, ile inayotazama pegi, inatakiwa ifunguliwe kidogo kuelekea upande uzi unakokwenda, ili uzi upinde taratibu badala ya kukatwa na kona kali. Mbele, upande wa freti, usiguse.

Stratocaster nalo lina mtego wake. Kwa kuwa kichwa hakijalazwa, kuna kibati kidogo kinachozikandamiza uzi wa kwanza na wa pili. Nimeona watu wanapaka penseli kwenye nati mpaka inakuwa nyeusi tii, kumbe uzi unakwama chini ya kibati. Kipake nacho. Kama uzi umeshakichimba, kilainishe kwa msasa.

Imepanda baada ya kutumia tremolo

Hapa mambo ni kinyume. Ukizamisha mkono wa tremolo, kile chuma cha kulegeza na kukaza nyuzi zote kwa pamoja, sehemu ndefu inalegea na uzi unavutwa kuelekea pegi. Ukirudisha mkono, uzi unakwama upande ule, sehemu ndefu inabaki imekazwa mno, sauti inakuwa juu. Uvute uzi mara moja kwa kidole. Ikishuka na kurudi sawa, ni nati tena, na dawa ni ileile.

Angalia pia ni nyuzi ngapi zimehama. Uzi mmoja au miwili ikipotea na mingine imetulia, tafuta kwenye mifereji ya hiyo miwili. Zote sita zikihama upande mmoja kwa kiasi kilekile, nati haihusiki. Tremolo yenyewe hairudi palepale, na pa kuangalia ni skurubu au ncha inazoegemea. Na kama tremolo imeachwa ielee, kuvuta uzi mmoja kutazishusha nyingine wakati umeushikilia. Ndivyo ilivyoundwa, usitafute mchawi.

Wenye magitaa yenye nati ya kufunga kwa skurubu, mfumo wa Floyd Rose, hawana tatizo la msuguano, maana uzi umebanwa palepale haupiti popote. Lao ni moja: wakifunga vile vibano nyuzi hupanda kidogo. Kabla ya kufunga, weka skurubu ndogo za kutyuni zilizo kwenye briji (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye mwili wa gitaa) katikati ya safari yake, ili ubaki na nafasi ya kushusha na kupandisha.

Tyuna inasema sawa, lakini kodi za freti za kwanza zinaumiza sikio

Nyuzi zikiwa wazi, kila kitu kijani. Ukipiga kodi ya E au C au F karibu na kichwa, gitaa linalia limepotea. Ukihamia freti ya saba, sawa kabisa. Watu huishi na hali hii miaka mingi wakidhani masikio yao ndiyo mabovu.

Mifereji iko juu mno. Ukibonyeza freti ya kwanza, uzi unasafiri mbali mpaka kugusa chuma, unavutika njiani, na noti inatoka juu. Kadiri unavyokwenda mbali na nati ndivyo athari inavyopungua, ndiyo maana freti ya saba haina shida.

Pima hivi. Bonyeza uzi kwenye freti ya tatu na uushikilie. Sasa tazama nafasi kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa iwe nyembamba kama karatasi ya printa, yaani karibu milimita 0.1, na kwa nyuzi nene iwe kubwa kidogo. Gonga uzi hapo kwa ncha ya kidole: ukisikia kijimlio chembamba cha chuma, nafasi ipo na inatosha. Ukiona mwanga mwingi, mfereji uko juu. Faida ya kipimo hiki ni kwamba unakuwa umeiweka briji pembeni, na mpindo wa shingo hauingilii kitu cha kusema. Kinachopimwa ni mfereji peke yake.

Kushusha mfereji ni kazi ya subira. Legeza uzi, funika ubao wa freti na uso wa kichwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi, saga sakafu huku tupa imeinama kuelekea kwenye pegi. Mwinamo huo ni wa lazima, ili sehemu ya juu kabisa ya sakafu iwe ukingo wa mbele, unaotazama freti, na uzi uanzie hapo. Pima baada ya kila mapigo mawili. Simama kabla hujafika, kwa sababu penseli na uzi vitaishusha kidogo zaidi vyenyewe.

Tahadhari moja kabla hujashusha chochote. Noti ya tatu ya kodi meja kwenye gitaa huwa juu kwa karibu senti 14 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni) ukilinganisha na jinsi sikio linavyopenda, kwa sababu ya namna freti za karibu magitaa yote zinavyogawanywa. Kwenye kodi ya E noti hiyo ni G kali (G#), na inapigwa wapi? Uzi wa tatu, freti ya kwanza. Yaani uzi mkorofi, kwenye freti ambayo nati huathiri kuliko zote, ukibeba noti ambayo tayari iko juu. Nati ikiwa sawa bado utaisikia ikichoma kidogo. Anayeshusha uzi wa tatu mpaka kodi ya E inyooke atakuta kodi ya D imepinda. Pima kwa karatasi, usifuate sikio.

Uzi ukiwa wazi unakwaruza, ukibonyeza popote unanyamaza

Mfereji umeshuka kupita kiasi na uzi unagonga freti ya kwanza. Huwa ni kazi ya tupa iliyokwenda mbali, au plastiki iliyoliwa na miaka ya kupigwa. Kama badala ya kukwaruza unasikia mlio wa kuzizima mithili ya sitari ya Kihindi, kimo huenda kiko sawa ila sakafu ya mfereji imelala tambarare au imeinama mbele, uzi unajipigapiga juu yake. Rekebisha mwinamo kwa tupa na mlio unaondoka.

Mfereji mmoja uliozama unaweza kujazwa. Funika pembeni kwa utepe wa karatasi wenye gundi, jaza unga wa mfupa au bekingi soda ndani ya mfereji, shindilia, dondosha tone moja la supa gluu. Itaganda papo hapo, tena kwa joto na moshi unaowasha macho, kwa hiyo fungua dirisha na usiinamie. Baadaye chonga mfereji upya. Ni kiraka, kinaweza kukufikisha mbali, ila kwa gitaa la kazi ningebadilisha nati. Ikiwa mifereji yote sita imeshuka kwa pamoja, ng'oa nati na uweke ukanda wa karatasi ngumu chini yake.

Kuna jambo la wapiga rumba linaloingia hapa. Gitaa la mi-composé la bendi za Kongo hutolewa uzi wa nne wa kawaida na kuwekewa uzi mwembamba unaotyuniwa D ya oktavu ya juu. Uzi wa inchi 0.010 unakaa kwenye mfereji uliokatwa kwa ajili ya 0.026. Unacheza humo ndani, unahama upande mmoja kila unapovutwa, na unazama chini kuliko ulivyopangiwa. Kama gitaa lako ni la mtindo huo siku zote, litengenezee nati yake yenye mfereji mwembamba wa nne. Kujaza na kuchonga mfereji kila unapobadilisha mtindo kutaimaliza nati.

Pegi, zinapokuwa na kosa kweli

Sauti inashuka polepole na kubonyeza nyuma ya nati hakusaidii. Hesabu mizunguko: miwili hadi mitatu kwa nyuzi nene, mingi kidogo kuliko hiyo kwa nyembamba, yote ikishuka chini kwa mpangilio bila kupandana. Uzi uliorundikwa hujilegeza wenyewe. Kaza skurubu na ringi ya pegi. Na kila mara malizia kutyuni kwa kupandisha. Ukipita juu, shusha chini ya noti kisha panda tena, maana meno ya pegi yana ulegevu ambao uzi utautumia ukiuacha.

Kubadilisha nati

Ikiwa plastiki imeliwa, au ukiigonga inatoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, usihangaike na viraka. Nati zilizokwisha kukatwa za grafaiti au za TUSQ (plastiki ngumu ya kuiga pembe ya ndovu) kutoka Graph Tech ya Kanada huteleza vizuri na zinahitaji kusagwa chini tu. Mfupa wa ng'ombe una sauti nzuri na bucha halipo mbali, lakini lazima uchemshwe, utolewe mafuta, ukauke vizuri ndipo ukatwe, na vumbi lake usilivute bila barakoa. Kipande cha mfupa kilichokwisha kuandaliwa kinaokoa taabu yote hiyo.

Pima nati ya zamani kabla ya kuagiza. Za Fender huwa na unene wa karibu milimita 3, za Gibson karibu 5, na hazibadilishani. Kuitoa, pitisha wembe kuizunguka ukate rangi, weka kijibao upande wa freti, gonga taratibu ielekee kwenye kichwa. Safisha kitanda chake mpaka mbao ionekane. Kubandika mpya, tumia matone mawili ya gundi ya mbao, si supa gluu, ili fundi atakayeitoa miaka ijayo asiondoke na kipande cha shingo.